Karatasi Niliyowashia Moto

Jumatatu, 12 Mei. Asubuhi mvua nyepesi, ukungu umeshuka hadi kizingitini. Saa nne ulipanda kidogo nikaiona migomba yako ya chini, kisha ukaifunika tena.

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeliacha neno hilo peke yake kwa sababu nilikuwa nasubiri marahaba. Ulikuwa unaivuta kana kwamba mtu unayemwitikia yuko ng'ambo ya korongo, hata kama nimesimama mbele yako na kikombe cha chai mkononi.

Jana tumesoma arobaini yako. Watu walijaa uani, wengine wakakaa hadi kule chini kwenye mihogo. Hadija wako alikuja kutoka Mikese na wanawe wote. Mkeo anajitahidi. Bado anasonga ugali wa watu watatu, na sisi tuko wawili. Kila jioni anautazama ule unaobaki, anaufunika, asubuhi anawapa kuku. Sijamwambia apunguze. Redio yako iko palepale dirishani, nimetoa betri zisivujie ndani. Kofia yako iko msumarini. Sijui kwa nini nakuambia vitu ambavyo ulivipanga mwenyewe.

Baada ya dua wazee wa ukoo walikaa. Kwetu mtoto wa dada ndiye anayerithi, na katika watoto wa marehemu mama ni mimi tu niliyebaki huku mlimani. Wakanipa shamba la migomba na lile sanduku lako la mbao. Nitakuambia nilichokuta ndani. Lakini kwanza nikupe habari za mahakamani, maana uliondoka katikati, na mimi unanijua, siwezi kueleza jambo kuanzia mwisho.

Siku ya uchaguzi niliiandika hivi: "Asubuhi jua, mchana mawingu kutoka upande wa Matombo. Nimekaa kituoni tangu saa mbili kamili, wakala wa Mjomba." Ulikuwa uenyekiti wa kitongoji tu. Wewe ulikuwa na sababu moja ya kugombea na ulimpa kila mtu hiyo hiyo: chemchemi. Watu walikuwa wameanza kulima juu yake, na Mzee Athumani, mwenyekiti wetu wa siku zote, aliwaachia kwa kuwa hajui kumkatalia mtu. "Athumani si mbaya," ulikuwa ukisema. "Athumani laini. Maji hayawezi kulindwa na mtu laini."

Kura zilihesabiwa katika chumba cha darasa la nne. Msimamizi wa kituo aliandika ubaoni kwa chaki, na sisi mawakala wawili tukitazama. Wewe tisini na nne. Mzee Athumani themanini na moja. Zilizoharibika tatu. Nilichana karatasi katikati ya daftari la hesabu nikaziandika kwa penseli, haraka haraka, juu ya goti. Nikaomba nakala ya fomu ya matokeo. Msimamizi akasema, "Dada, fomu tutajaza ofisini kule chini, hapa mvua itatukuta." Na kweli mvua ilikuwa inakuja. Nikakubali. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nimelipigia mstari.

La pili nililifanya nyumbani. Nilinakili zile namba kwenye daftari langu la tarehe, kwa wino, safi, na mstari wa rula chini yake. Kisha nikaichukua ile karatasi ya penseli nikawashia moto wa kupikia.

Ni wewe uliyenifundisha hivyo. Sikulaumu, Mjomba, naandika ilivyokuwa. Nilipoanza sekondari uliniletea daftari la kwanza, ukaniambia jambo huandikwa mara mbili: mara ya kwanza ili kichwa kitulie, mara ya pili ili watu wasome. Ile ya kwanza itiwe motoni, kwa sababu hatupokei wageni na nguo za shamba. Ulikuwa karani wa chama cha ushirika miaka mingi na hakuna aliyewahi kuona karatasi yako yenye neno lililokatwa. Wenzangu shuleni walificha barua za wavulana. Mimi nilichoma nakala za kwanza za insha zangu, nikajiona nimekuwa kama wewe.

Asubuhi yake matokeo yalikuwa yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Wewe sabini na nne. Mzee Athumani themanini na moja. Zilizoharibika ishirini na tatu. Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu nikayakumbuka yale majivu.

Vijana walitaka kwenda kuuzibia ule mlango magogo. Uliwasimamisha hapa uani, ukiwa na shuka begani, hata uso hujanawa. Shomari, yule wa pikipiki, akakutania: "Mzee, matokeo ya urais yenyewe hayapelekwi mahakamani, wewe unapeleka ya kitongoji?" Ukamjibu bila hasira: "Ya urais sheria imeyafungia mlango. Ya kitongoji haijayafungia. Sasa mlango uko wazi, nipite dirishani kwa nini?" Wakacheka. Shomari mwenyewe akaliacha gogo alilokuwa amelibeba, akaomba maji ya kunywa.

Jioni uliniambia mimi peke yangu: "Huenda walihesabu upya. Huenda wana sababu. Kama wanayo wakaiseme mbele ya hakimu, mimi nitasikiliza, nitarudi kulima." Mjomba, watu wengi walidhani ulikwenda mahakamani kutafuta cheo. Mimi najua ulikwenda kutafuta maelezo.

Tulifungua shauri kabla ya siku zilizowekwa kwisha. Unakumbuka zile alfajiri. Tunateremka na tochi hadi Mkuyuni, tunapata gari la ndizi, tunafika mjini umande bado uko kwenye viatu. Unavaa lile koti la harusi ya Hadija. Kwenye benchi la nje ya mahakama uliwasalimia wote, hadi mawakili wa upande wa pili, na siku moja ulimsogezea nafasi Mzee Athumani akae karibu nawe, mkazungumza habari za mnyauko wa migomba mpaka karani alipoita majina yenu, mmoja mdai, mwingine mdaiwa. Mkainuka pamoja mkiwa mmeshikana mikono kwa sababu goti lake lilikuwa linamsumbua.

Sasa nifike tarehe 13 Machi. Nimeikwepa kurasa mbili.

Niliapa kwa msahafu. Nikaeleza nilichokiona ubaoni. Wakili wetu akaliinua daftari langu ili lipokelewe. Wakili wa upande wa pili, mtu mpole, akasimama.

"Shahidi, haya uliyaandika ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Saa ngapi?"

"Saa moja jioni. Nimeandika hapo juu."

"Na kule darasani hukuandika chochote?"

"Niliandika. Kwenye karatasi."

"Iko wapi hiyo karatasi?"

Ningeweza kusema imepotea. Ningeweza kusema imelowa, mvua ilinyesha kweli siku ile, hakuna ambaye angebisha. Nilikutazama. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako.

"Niliichoma."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ni kicheko kile kinachomtoka mtu kabla hajakizuia. Wakili akauliza kama nilichoma ushahidi. Nikasema, "Nilikuwa nawasha moto, mheshimiwa. Sikujua kuwa ni ushahidi. Ilikuwa karatasi chafu." Wakacheka tena.

Hakimu, mwanamke wa umri wangu hivi, akawanyamazisha. Hakulipokea daftari. Alieleza taratibu, akinitazama mimi na si mawakili, kwamba anahitaji kile kilichoandikwa pale pale na wakati ule ule. Nakala iliyoandikwa baadaye, hata ikiwa safi namna gani, haiwezi kusimama mahali pake. Akasema maneno yangu ya mdomo ameyasikia na atayapima. Na lile ombi letu kubwa, kwamba sanduku la kura lifunguliwe na kura zihesabiwe mbele yake, angelitolea uamuzi tarehe 22 Aprili.

Nje uliniuliza, "Umesema kweli?"

Nikasema, "Ndiyo, Mjomba."

Ukasema, "Haya, twende."

Hukusema neno lingine. Njia nzima. Gari lilipotushusha Mkuyuni ukatangulia kupanda. Tangu nikiwa mdogo uliniweka mbele kwenye njia ile, ili nikiteleza unidake. Siku ile ulitangulia wewe. Nikakufuata nikikitazama kisigino cha kiatu chako, kilichoisha upande mmoja, na nikateleza mara mbili, na hukugeuka.

Kwenye daftari niliandika: "Mawingu, bila mvua. Daftari limekataliwa. Mjomba hakusema." Nilitaka kuongeza kitu baada ya hakusema. Sikujua nini.

Tulikaa siku kumi na tisa baada ya hapo. Nilikuletea uji kila asubuhi, ukapokea, ukanishukuru. Tulizungumza habari za mbegu za maharage. Tulizungumza habari za paa la kuku. Nilikuwa nasubiri unigombeze. Ungenigombeza ningelia, ungeniambia nyamaza, yangekwisha. Na mimi nilikuwa na neno langu la kukuambia, nikaliweka. Nilijiambia, tarehe 22 watalifungua sanduku, kura zitatoka tisini na nne, ile karatasi haitakuwa na maana tena, hapo nitamwomba msamaha vizuri. Nilitaka kuomba msamaha nikiwa nimeshinda, Mjomba. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni wakati nakupa uji.

"Jumanne, 1 Aprili. Ukungu. Mjomba hakuamka."

Ulikohoa siku tatu tu. Ulisema ni vumbi la mahindi.

Mzee Athumani alilibeba jeneza upande wa kichwa. Na goti lile. Vijana walitaka kumpokea akakataa, na alikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kukupokea. Niliona kutoka mbali, kule tulikokaa wanawake.

Tarehe 22 nilikwenda peke yangu. Nilivaa koti lako juu ya kanga kwa sababu ya baridi ya alfajiri, na pia kwa sababu nyingine. Nilibeba barua ya mtendaji wa kijiji inayosema umefariki. Hakimu akaisoma. Akaandika. Akasema mleta shauri amefariki, kwa hiyo shauri linakoma. Mjomba, ilichukua muda mfupi kuliko chai kuchemka. Alfajiri zote zile.

Nilisimama ingawa hakuna aliyeniita. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba niendelee mimi. Mimi ndiye mrithi wake."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu akavua miwani. Akaniambia kwamba shauri la uchaguzi halirithiwi kama shamba, ni la yule aliyelileta, na muda wa mtu mwingine kuleta la kwake ulikwisha zamani.

Nikauliza, "Basi nani alishinda?"

Akasema, "Dada yangu, mahakama haijafika huko. Na sasa haiwezi kufika tena. Pole sana."

Ile pole aliisema kama mtu wa kawaida, kama jirani. Nakuandikia ili usimchukie. Nimejaribu kumchukia mimi, nimeshindwa. Alitusikiliza. Mwezi Machi, wakati wote wanacheka, yeye peke yake alikuwa anaandika nilichosema.

Lakini fikiria. Mahali fulani kule mjini, ndani ya stoo, liko sanduku la kura na kufuli lake. Ndani yake kuna karatasi za watu wa hapa, watu ninaokutana nao kisimani, na jibu lako limo humo, tisini na nne au sabini na nne, limekunjwa. Hakuna atakayelihesabu. Nilikuwa tayari kusikia umeshindwa. Naapa nilikuwa tayari. Hata hakimu angesema tulikosea, ubao nilisoma vibaya, ningekuja kaburini kukuambia na ungesema haya, tukalime. Sikuwa tayari kwa hili, la kukuletea habari kwamba hakuna habari.

Kwa ukoo wangu nimerithi migomba. Nimerithi koti na kofia. Swali ulilolipeleka kule chini kwa miguu yako, hilo tu nimezuiwa kulibeba.

Jana wakati naosha masufuria Mzee Athumani alinifuata nyuma ya jiko. Alisimama muda mrefu akijifanya anatazama kuku. Mwishowe akasema, "Zaina, hata mimi nilitaka wafungue." Nikaendelea kusugua sufuria. Akasema, "Watu wananiita mwenyekiti, naitika, lakini naitika kama mtu aliyevaa viatu vilivyokuwa mlangoni, hajui ni vyake au vya mwenzake." Akaniambia amewafuata wale wanaolima juu ya chemchemi akawataka waondoke. Wawili wameondoka. Wa tatu bado anapalilia. Laini, Mjomba, ulisema. Amekuwa mgumu kwa theluthi mbili.

Sasa sanduku lako.

Nimelifungua leo saa tano, mkeo amekaa kitandani ananitazama. Juu kulikuwa na kanzu. Chini ya kanzu wito wa mahakama wa tarehe 22. Chini ya wito kulikuwa na karatasi zilizofungwa kwa ukambaa wa mgomba, nikadhani ni za zamani za ushirika. Si za ushirika. Ni vipande: nyuma ya kalenda, pakiti za chumvi zilizopasuliwa, nusu ya bahasha. Penseli. Kila kipande kina tarehe pembeni. Orodha ya mbegu, na neno kabichi limekatwa. Saa za swala. "Paa la kuku, misumari," misumari imekatwa, imeandikwa tena. Cha kwanza ni cha tarehe 14 Machi, siku moja baada ya mahakama. Cha mwisho tarehe 30.

Wewe. Karatasi chafu. Hukuchoma hata moja.

Mkeo akasema, "Siku hizo aliniambia, Mama Hadija, mimi nimeacha. Nikajua tumbaku, nikamshukuru Mungu. Kumbe kuchoma karatasi." Akacheka hadi akafunika uso na upande wa kanga, na haukushuka tena huo upande mpaka nilipotoka.

Kipande cha mwisho kinaanza, "Zaina." Umekata. Chini yake, "Zaina mwanangu, siku ile mahakamani." Umekata. Chini yake, "Zaina, aliyekufundisha kuchoma." Umekata, lakini mstari mmoja tu, mwembamba, mtu anaweza kusoma. Kisha, "Nilitangulia njiani kwa sababu sikutaka unione." Hiyo hukuikata. Hakuna kingine. Nimegeuza nyuma, ni namba za mahindi.

Nakala safi hukuwahi kuiandika. Ungeiandika ungezichoma hizi, mazoea ni mazoea, na ningepata barua nzuri iliyonyooka. Nimepata hii. Nimekaa nayo tangu saa tano, sijapalilia, sijala, mkeo ameniletea uji nikaupokea nikamshukuru, ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe ilivyokuwa yako.

Siku kumi na tisa, Mjomba. Hatua chache kutoka mlango wako hadi jikoni kwangu. Wewe na penseli, mimi na uji.

Nisamehe. Ukitazama hapo juu utaona neno hili nimelikata mara nne katika kurasa hizi. Hili la tano naliacha.

Na mimi nimekusamehe, ingawa sioni cha kusamehe, ila kwa kuwa naona ulikuwa unautafuta msamaha.

Nakuahidi mambo haya. Uchaguzi ujao nitakaa tena katika chumba kile cha darasa la nne, nikiwa wakala wa yeyote atakayenikubali, na sitatoka bila fomu, mvua itunyeshee wote humo. Nitakachoandika gotini kitabaki kama kilivyoandikwa. Yule wa tatu juu ya chemchemi nitakwenda kumwona kesho, asubuhi, kabla hajashika jembe. Na barua hii sitainakili. Ina madoa, ina sehemu nimeandika juu ya maandishi, ukurasa wa tatu umelowa. Nitaifunga pamoja na vipande vyako kwa ukambaa ule ule.

Kwa heri, Mjomba wangu. Umetangulia tena, na najua sasa kwa nini hukugeuka.

Wako, Zaina.

Mvua imekatika jioni. Nalala saa tatu na dakika ishirini.